Jinsi ya kukagua kiwanja cha ndege kilichotelekezwa ranchini kabla ndege haijatua

Ukikipitia kwa juu, kiwanja kilichoachwa miaka mingi huonekana kama jana tu kilikuwa kikitumika: mstari ulionyooka, nyasi za kimo kimoja, pengine mlingoti wa soksi ya upepo bado umesimama. Usikiamini. Kazi yangu ni kukagua viwanja hivi kwenye ranchi za mbali, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa miguu.

Hatua ya 1: Ruhusa na maswali. Pata ruhusa ya mwenye ardhi kwa maandishi, kisha uliza mamlaka ya usafiri wa anga hali ya kiwanja. Ukikuta alama kubwa ya X kwenye njia ya kurukia, kiwanja kimefungwa. Usiifute mpaka taratibu zote zikamilike. Waulize pia wachungaji wa siku nyingi maji hutuama wapi na mifugo huvukia wapi. Majibu yao yameniokolea saa nyingi.

Hatua ya 2: Tembea njia yote. Jipangeni watu watatu sambamba, hatua mbili kati yenu, mwende hadi mwisho na kurudi kwa ukanda mwingine. Kila mmoja awe na fimbo ya kupekua nyasi. Mnatafuta mashimo ya wanyama, vichuguu, mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua.

Siku moja fimbo yangu ilinasa. Nilipoinama nikaona waya wa seng'enge umelala chini, kutu imeupa rangi ya udongo wenyewe, nyasi zimeota kati ya miiba yake. Ncha moja ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo iliyoanguka. Gurudumu la mbele lingeuzoa na kujiviringishia katikati ya mwendo, na hapo rubani hana la kufanya.

Chomeka kibendera kwenye kila kasoro kabla ya kurekebisha chochote. Mashimo yakijipanga kwa mstari, huenda chini kuna handaki. Lichimbue lote, kisha lishindilie tabaka kwa tabaka. Udongo uliomwagwa tu utatitia mvua ikinyesha.

Hatua ya 3: Pima ugumu wa ardhi. Chomeka nondo kila baada ya hatua kadhaa na usikilize mkono wako: inapozama kirahisi, weka alama. Kisha pitisha gari lenye mzigo, polepole kwanza. Rudia baada ya mvua, maana ardhi kavu huficha mengi.

Hatua ya 4: Urefu unaotumika kweli. Usipime mwanzo hadi mwisho wa njia ya zamani. Miti iliyokua kwenye ncha zake hula mita nyingi. Kwa ndege ndogo, mamlaka ya anga ya Uingereza hushauri kuzidisha umbali wa kuruka ulio kwenye kitabu cha ndege kwa 1.2 kwa nyasi kavu zisizozidi sentimita 20, au 1.3 zikiwa zimelowa maji, na tena kwa 1.1 kama mwinuko wa njia ni asilimia 2. Kisha kwa 1.33 kwa usalama. Basi mita 450 za kitabuni, kwenye nyasi kavu na mwinuko huo, zinakuwa karibu 790. Joto na urefu kutoka usawa wa bahari huongeza zaidi. Hapa ndipo viwanja vingi hushindwa, na ukishindwa hapa, kubali.

Hatua ya 5: Alama. Funga soksi mpya mbali na miti. Soma dira upya: namba ya njia ni nyuzi zake zikigawanywa kwa kumi, hivyo inayoelekea nyuzi 90 ni 09, ncha ya pili ni 27. Kaskazini ya sumaku husogea, hivyo namba ya zamani inaweza kuwa imepitwa.

Mapipa ya mafuta yaliyobaki bandani usiyaguse kwa ajili ya ndege, hata yakiwa na lakiri. Maji huingia humo.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kutua. Pita tena kwa gari, ondoa mifugo, kagua mashimo mapya ya usiku. Abaki mtu mwenye redio pembeni ya njia mpaka injini izimwe.