Kiungo mfupi, ukitaka kudumu uwanjani fanya kama Russell Latapy

Kama we ni kiungo mfupi na kila kocha anakwambia huna mwili, kaa uisome karia ya Russell Latapy wa Trinidad na Tobago, jamaa kaondoka kwao akatua Ureno 1990 na mpaka 2009 bado yuko Ulaya anacheza, anaachana na Falkirk ya Uskoti ana miaka 40. Kwao walimwita Mchawi Mdogo.

Anza na shingo kabla ya miguu. Mfupi akipokea mpira bila kujua nani yuko nyuma anaumizwa, ndo ukweli. Mwenzako asimame nyuma yako anyooshe vidole, wewe piga mpira ukutani, na kabla haujarudi uwe umeshageuka ukataja ni vidole vingapi. Robo saa kila siku, mwezi mzima, utaona pasi mpenyezo, zile za kupita katikati ya mabeki, zinakuja zenyewe.

Halafu chagua timu ambayo utapata namba ya kucheza. Latapy hakurukia Porto moja kwa moja, alianzia Académica ya Coimbra, 1994 ndo Porto ya kocha Bobby Robson ikamchukua akabeba ligi mara mbili mfululizo, kisha Boavista na Kombe la Ureno 1997. 1998 akaenda Hibernian ya Uskoti iliyokuwa imeshuka daraja, msimu huohuo wakapanda! Wengi wangeona aibu kwenda kule, mi naona pale ndo alipokuwa na akili kuliko wote.

Na ukipigwa pigo usitundike viatu. Tarehe 19 Novemba 1989 pale Port of Spain Trinidad na Tobago walihitaji sare tu na Marekani waende Kombe la Dunia 1990 Italia, Paul Caligiuri wa Marekani akapiga shuti la mbali, 1-0, nchi nzima kimya. Latapy alikuwa na miaka 21, Dwight Yorke, yule mshambuliaji aliyekuja kutamba Manchester United, naye dogo kabisa kwenye kikosi hichohicho. Baadaye Latapy akastaafu timu ya taifa, 2005 wakamrudisha, wakaitoa Bahrain kwenye mchujo, na 2006 kwenye Kombe la Dunia kule Ujerumani akaingia toka benchi dhidi ya Paraguay, miaka 37, Yorke ndo kapteni. Walifungwa 2-0 lakini mi ile sub inanitoa machozi mpaka leo.

La mwisho, soma ukocha ungali unacheza. Pale Falkirk alikuwa anacheza huku anafundisha, na alipoacha mpira kazi ikawa inamsubiri, kafundisha Trinidad na Tobago, baadaye Barbados. Kozi za awali tafuta kwenye chama cha mpira cha mkoa wako, usingoje goti likatae.