Namna ya kupata kibali na fedha za filamu ukiwa Mtwara

Kila mwaka korosho zikianza kuingia maghalani, simu yangu haipoi. Wanapiga vijana wa Newala, wa Masasi, mara nyingine hata wa Nachingwea. Swali ni lilelile: "Kaka, Bodi ya Filamu wanatoa shilingi ngapi kwa msanii wa huku kwetu?" Nikiwajibu kwamba Bodi haikopeshi, nasikia mtu anashusha pumzi. Usishushe pumzi. Msaada upo, ila umegawanyika kwenye ofisi kadhaa, na zote zinataka kuona jambo moja: kazi yako iliyokwisha kukaa kwenye karatasi.

Kwanza tofautisha milango. Bodi ya Filamu Tanzania inafanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Inatoa vibali vya kurekodi, inakagua filamu na kuipanga daraja la umri, inaendesha mafunzo kwa wanatasnia, inasimamia tamasha na tuzo za filamu za taifa. Fedha ziko kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania, unaokopesha wasanii kwa riba nafuu kupitia benki. Haki ya kazi yako inaandikishwa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki. Na halmashauri yako mwenyewe ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Huo ni mkopo wa vikundi usio na riba. Wasanii wengi hawaugusi kabisa, wanadhani ni wa wafuga kuku na mafundi cherehani peke yao.

Nunua faili gumu la karatasi. Hatua zote zinazofuata ni za kulijaza.

Hatua ya 1: Mswada, na nani mwenye mswada

Andika mswada wote, si muhtasari wa kurasa mbili. Ombi la kibali linataka maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa. Kama bibi kwenye hadithi yako anaongea Kimakonde, Kimwera au Kiyao, weka maneno yake kwa lugha hiyo na Kiswahili chake pembeni. Msomaji wa Dodoma au Dar es Salaam hatakisia.

Halafu fanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Filamu yangu ya pili niliiandika na rafiki yangu wa Chikongola, kila jioni barazani, bila mkataba. Tulipofika kwenye kuomba mkopo tukaulizwa mmiliki ni nani. Mimi nikasema wangu, yeye akasema wetu. Wote tulikuwa wakweli. Ombi lilikaa miezi minne, na urafiki haujarudi ulivyokuwa. Ukurasa mmoja ungetosha: majina, namba za NIDA, nani ameandika nini, nani atapata sehemu gani, sahihi na mashahidi wawili. Ukimaliza, peleka mswada COSOTA ukaandikishwe.

Nyimbo nazo ni za mtu. Ukirekodi kina mama wanaoimba za unyago au wapiga ngoma wa sindimba, kaeni na kiongozi wao, mkubaliane malipo na matumizi, mwandike. Na kama wimbo ni wa ndani, wa wari peke yao, ukiambiwa hapana basi ni hapana. Yapo ambayo kamera haistahili kuyaona, na mtoto wa huku analijua hilo kabla ya kusoma sheria yoyote.

Hatua ya 2: Nenda kwa afisa utamaduni

Kabla ya kukata tiketi ya basi, mwone afisa utamaduni wa halmashauri yako. Watu humruka kwa sababu ofisi yake haina makeke. Huyu ndiye atakayekuelekeza kwenye taratibu za Bodi huku mkoani, ndiye husikia mapema kuwa kuna mafunzo, na barua yake inafungua milango ya vijijini. Nenda asubuhi, na mswada mkononi, umeshaufunga vizuri. Usiende kuomba fedha siku ya kwanza. Nenda ujulikane.

Hatua ya 3: Bajeti

Hapa ndipo maombi mengi hufia. Nimesoma bajeti za wenzangu zilizoandikwa "usafiri" na tarakimu moja nono mbele yake. Afisa wa mkopo akiona hivyo anajua mwombaji hajakaa chini akahesabu.

Chukua tukio moja la kweli. Mvuvi anarudi alfajiri upande wa Msangamkuu, mkewe anamsubiri ufukweni. Kwenye skrini ni dakika mbili. Kwenye bajeti yangu lilisomeka hivi: nauli ya kivuko, watu 9, kwenda na kurudi, boti 1 ya kubebea kamera, siku 2, petroli lita 40, nahodha na baharia 1, dau la mvuvi mwenyewe, siku 2, pamoja na fidia ya siku asizovua, chai na mihogo saa 11 alfajiri, chakula cha mchana, mfuko wa kuzuia maji kwa kamera, siku 1 ya akiba bahari ikichafuka. Pembeni nikaandika tarehe za bamvua, kwa sababu nilitaka maji yatoke mbali ili mchanga uonekane. Maji mafu, yale yasiyotoka mbali, yangeniharibia picha nzima. Afisa aliyepitia lile ombi alinyoosha kidole kwenye neno bamvua, akaniuliza maana yake, tukaongea nusu saa. Kuanzia hapo alijua naijua kazi yangu.

Kwa hiyo andika kila tukio namna hiyo: watu, siku, vitu, bei uliyoulizia mwenyewe sokoni. Ukienda uwanda wa juu wa Makonde, weka genereta na mafuta yake hata kama umeambiwa umeme upo. Kama unarekodi kati ya Desemba na Aprili, weka siku za mvua, maana barabara za udongo kule Nanyumbu hazina huruma na gari dogo. Weka malipo ya waigizaji kwa majina. Usiwaandikie ndugu zako sifuri kwa kuwa "watasaidia". Wakichoka siku ya tatu, filamu imesimama.

Hatua ya 4: Kibali

Sasa faili lina mswada, mikataba, bajeti, ratiba, barua ya afisa utamaduni na orodha ya kikosi. Omba kibali Bodi ya Filamu. Ada na fomu hubadilika, hivyo soma maelekezo yao ya wakati huo, usitegemee ya mtu aliyeomba mwaka juzi.

Kibali cha Bodi hakikupi kila eneo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Ruhusa yake unaianzia Kilwa Masoko. Ukitaka kurekodi Msimbati, kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, nao wana utaratibu wao. Droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ya Wizara ya Ulinzi, na huku tuko mpakani: usiirushe kwanza ukaomba baadaye. Kijijini piga hodi kwa mtendaji na mwenyekiti, uwaachie nakala ya kibali. Tuliwahi kufunga kamera mahali bila kupita kwa mtendaji, mgambo wakaja, tukashinda chini ya mkorosho hadi jua likazama. Siku nzima ya malipo ya watu 11 ilipotea.

Hatua ya 5: Mkopo

Ombi la Mfuko linasomwa kama ombi la biashara. Watataka kujua utarejesha vipi. Kwa hiyo, kabla ya kuomba, zungumza na wanunuzi: chaneli za sinema za Kiswahili, kama Sinema Zetu au Maisha Magic Bongo. Hata barua pepe ya mtu wa manunuzi inayosema "tukiona traila tutazungumza" iweke kwenye faili. Rekodi tukio moja kwa fedha zako, hata kwa simu yenye picha safi, wapate cha kutazama.

Usikope bajeti yote. Mimi hugawa: kamera na kuhariri kwa mkopo, chakula na malazi kwa michango ya wenyeji, usafiri kutoka mfukoni. Kama mko kikundi cha vijana kilichosajiliwa, ule wa halmashauri unatosha kununua maiki, taa na kompyuta, kisha mkakodisha vifaa hivyo kwenye harusi na mahafali filamu ikiwa haipo.

Hatua ya 6: Ukaguzi, kisha korosho

Filamu ikikamilika irudishe Bodi ikaguliwe na kupewa daraja. Bila hapo huwezi kuionyesha hadharani kihalali, wala kuipeleka kwenye tamasha la taifa au Tuzo za Filamu.

Na ratiba ya marejesho ifuate ratiba ya shamba. Omba marejesho yaanze baada ya minada ya korosho, si Juni. Novemba na Desemba mkulima ameshalipwa, na Tandahimba yote inataka kutoka jioni. Kodi ukumbi, au uwanja wa shule kwa ruhusa ya mkuu wa shule na kijiji. Projekta moja, shuka jeupe lililonyooshwa vizuri, spika mbili, tiketi zenye namba ili hesabu yako isimame. Watoto waingie alasiri kama daraja la filamu linawaruhusu, wakubwa usiku. Pesa za usiku wa kwanza zipeleke benki kesho yake asubuhi, na risiti iingie kwenye lile faili.