Stoo nzima ya mafaili kwa prosesi moja: SeaweedFS kwenye kompyuta ya ofisi

Ofisi nyingi za AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) huku Tandahimba, Newala mpaka Nachingwea zina kompyuta moja inayobeba kila kitu, na minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi inajaa skani za stakabadhi, picha za mizani na majedwali ya malipo, huku kila karani ana flashi yake. Wadau, hiyo kompyuta moja inatosha kuwa stoo ya wote, tena bila kuwasha programu nne zinazogombania ramu. Tumia SeaweedFS. Ni ya bure, inakuja kama faili moja tu linaitwa weed, na komandi ya weed server inawasha vitu vinne ndani ya prosesi moja: masta anayejua data imekaa wapi, volyumu zinazobeba data yenyewe, faila inayotunza majina na mafolda, na mlango wa S3, yaani mtindo wa Amazon wa kuweka na kuchukua mafaili kwa mtandao, ambao programu nyingi za bakapu tayari zinauelewa.

Washa hivi, ip weka ya kompyuta yako:

weed server -ip=192.168.1.10 -dir=/mnt/data -s3 -s3.config=/etc/weed/s3.json -volume.max=0 -master.volumeSizeLimitMB=1024

Faila hujaiandika, ila ukiweka -s3 inawaka yenyewe.

Sasa hizo mbili za mwisho msiziruke jamani, maana ndipo watu wengi wanakwama. Usipozigusa, volyumu moja inaruhusiwa kukua mpaka kama GB 30 na mwisho wake ni volyumu 8, halafu kila baketi (ndiyo folda kuu la S3) unayofungua inajichukulia volyumu kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo baketi ya risiti inafunguka vizuri, ukija kwenye ya picha unaambiwa hakuna volyumu iliyobaki na ukicheki diski unakuta iko tupu kabisa! Ukiweka 0 inajihesabia yenyewe, inagawa nafasi iliyobaki kwa ukubwa wa volyumu, na 1024 inafanya kila volyumu iwe ya GB 1, hapo hata diski ya GB 500 inakupa mamia.

Poti ni 9333 ya masta, 8080 ya volyumu, 8888 ya faila na 8333 ya S3, na kila huduma inafungua na poti ya pili ya kuongea zenyewe kwa zenyewe, chukua namba yake jumlisha 10000. Hiyo 8080 inapendwa na programu nyingi, kama imeshashikwa ongeza -volume.port=8081. Kwenye ufw, ukuta wa mtandao wa Linux, ruhusu 8333 peke yake, makarani hawana shida na hizo nyingine.

Kwenye s3.json kila mtu apewe ufunguo wake na haki zake, mfano karani wa mizani Read:mizani na Write:mizani basi, Admin abaki nayo mmoja.

Ubaya wa prosesi moja ni kwamba ikifa zinakufa zote nne. Iweke kwenye systemd, msimamizi wa huduma za Linux, na Restart=always ili ikifa ijiwashe, halafu ipigie systemctl enable ili umeme ukikatika ukarudi iwake bila kumsubiri fundi kutoka mjini. Na nunueni UPS, hata ndogo.

Halafu bakapu. Kwa komandi hiyo data iko nakala moja tu, hakuna replika. Piga ls /mnt/data utaona mafaili ya .dat na .idx pamoja na folda la filerldb2, hilo folda ndilo lenye majina, kwa hiyo anayekopi .dat peke yake anabaki na data isiyojulikana ipi ni stakabadhi ya nani. Ofisi ikifungwa jioni simamisha prosesi, piga rsync (komandi ya kukopi mafolda) ya /mnt/data nzima kwenda diski ya nje, washa tena. Hiyo diski isilale ofisini, akae nayo katibu au mhasibu, na kila mwezi irudishieni kwenye kompyuta nyingine mfungue risiti mbili tatu muone kama zinasomeka.