Chawa wa kuku: paka dawa kuku mwenyewe, banda baadaye, na lazima urudie

Wengi wanakosea hapa hapa mwanzoni. Mtu anaona kuku wanajikuna, mayai yamepungua, anakimbia duka la mifugo anauziwa dawa ya maji, anapuliza banda zima kuanzia sakafuni hadi kwenye bati, halafu anakaa kusubiri. Wiki mbili baadaye kuku bado wanajidonoa manyoya na yeye anatangaza mtaa mzima kwamba dawa ni feki. Inawezekana dawa ilikuwa nzima kabisa, ila chawa hawakuwepo bandani. Chawa wa kuku anaishi juu ya kuku mwenyewe, anakula huko, anataga huko huko, na akidondoka chini hamalizi wiki kashakufa. Kwahiyo ukipuliza ukuta ukamwacha kuku, umeua mende tu.

Sasa kabla hujatoa hela hakikisha kwanza ni chawa, maana watu wanaita kila mdudu wa kuku "utitiri" na dawa zake haziendi sawa. Subiri jioni kuku wakishapanda kulala, chukua tochi ya simu, mkamate mmoja taratibu, mgeuze tumbo juu kisha panua manyoya pale nyuma anapotolea kinyesi. Chawa utawaona wakikimbia kukwepa mwanga, rangi yao ni ya majani makavu, wembamba hivi, milimita mbili tatu, na wanakimbia kweli yaani ukizubaa sekunde mbili wameshajificha. Kisha angalia kwenye mashina ya manyoya, pale unyoya unapotokea kwenye ngozi, ukikuta vitu vyeupe vimegandana kama sukari iliyopata unyevu, hayo ndo mayai yao. Pekua na chini ya mabawa, mapajani na kifuani. Vifaranga waangalie kichwani na shingoni, kuna aina ya chawa inayopenda kichwa na hiyo kifaranga mdogo inaweza kumuua.

Ukikuta vidoti vyeusi vimeng'ang'ania usoni, kuzunguka macho na kwenye upanga, havitembei hata ukivigusa, hao ni viroboto. Ukikuta mchana kuku ni msafi ila usiku ukiweka tochi kwenye nyufa na chini ya fito za kulalia kuna vidudu vidogo vyekundu vimeshiba damu, hao ni utitiri, na papasi nao tabia yao ni hiyo hiyo ya kujificha kwenye nyufa mchana ila wenyewe ni wakubwa zaidi na wamebapa. Utitiri na papasi ndo wanaopigwa kwenye banda. Chawa anapigwa juu ya kuku. Wapo pia watu wenye vyote kwa pamoja, hapo unafanya kazi zote mbili na poleni.

Kuhusu dawa, kwa kuku wachache wa nyumbani mimi nashauri ya unga, iliyoandikwa kwenye lebo kwamba ni ya kuku. Duka la mifugo ukisema unataka unga wa chawa na viroboto wa kuku wanakuelewa, nyingi zina permethrini au kabarili. Permethrini yenyewe ilitengenezwa kiwandani kwa kuiga kinachoua wadudu ndani ya maua ya pareto, yale yanayolimwa Iringa na Mbeya kwetu na kule Nakuru Kenya, kwahiyo ukipata unga wa pareto wenyewe nao unafanya kazi, ila nguvu yake inaisha haraka ukipigwa na jua.

Kupaka mfanye wawili, mmoja kashika miguu kuku kichwa chini, mwingine anapaka. Akiwa kichwa chini manyoya yanafunguka yenyewe. Chukua soksi kuukuu, weka unga ndani, funga, uwe unaipigapiga juu ya ngozi huku vidole vya mkono mwingine vinafungua manyoya, maana dawa ikibaki juu ya manyoya ni kumpaka poda tu, lazima ifike kwenye ngozi. Anza nyuma pale kwenye kinyesi, tumbo, mapaja, chini ya mabawa yote mawili, mgongo, malizia na shingo kidogo. Macho na pua usiguse. Kuku mkubwa kijiko cha chai kilichojaa kinatosha, gramu tano hivi, kummwagia zaidi hakuui chawa zaidi. Vaa glovu na barakoa, zile zilizobaki za enzi za korona zinafaa, na fanyia nje sio ndani ya banda lililofungwa.

Na kuku wote. Sio yule tu anayejikuna. Jogoo ndo kabisa usimsahau maana anapanda matetea wote na chawa wanahama kwa kugusana. Hapa ndo panakuwa na shida kwetu uswahilini, kuku wangu na wa jirani wanakula jalala moja, wengine wanalala mti mmoja, ukipaka wako peke yako baada ya muda mfupi wamerudi. Mfuate tu mlangoni, "mama Rehema, shikamoo, kesho jioni tunapaka kuku dawa ya chawa, si tupake na wa kwako, dawa ninayo." Ni nadra mtu kukataa dawa ya bure.

Haya, siku ya kumi rudia. Hii sio hiari. Dawa inaua chawa wanaotembea, yale mayai yaliyogandishwa kwenye manyoya haiyafanyi kitu. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku nne hadi saba, na kuanzia yai mpaka chawa naye aanze kutaga ni kama wiki mbili tatu. Ukirudia kati ya siku ya saba na ya kumi unawakuta wale wapya wameshatoka ila hawajafikia kutaga, umekata kizazi. Ukirudia baada ya mwezi ni kama hujarudia, umeanza upya. Kuku aliyekuwa na mayai ya chawa mengi sana nyuma unaweza kuyachomoa yale manyoya machache yaliyogandwa ukayachoma moto, atalia kidogo ila yanaota mengine.

Siku hiyo hiyo ya kwanza ndo ufagie banda, toa maranda na majani yote ya kwenye viota uyachome, weka mapya na unga kidogo chini yake. Inatosha.

Mtetea anayeatamia ni kesi ya peke yake. Anakaa kwenye joto wiki tatu, haogi vumbi, anatoka dakika chache kula na kurudi, kwa chawa hapo ni peponi. Wakizidi anahangaika, anaweza hata kuyasusa mayai, na vifaranga wakitotolewa wanarithi chawa siku hiyo hiyo. Kwahiyo mpake kabla hujamwekea mayai na hakikisha yuko safi. Ukichelewa ukawagundua katikati, mpake unga kidogo akiwa nje ya kiota, mkung'ute ndo arudi, na umbadilishie majani.

Tuje kwenye dawa za kienyeji, na hapa nitasema ukweli wangu. Jivu la kuni lililochekechwa linasaidia, linakausha wadudu, lakini kama kinga zaidi kuliko tiba. Na liwe kavu, jivu likilowa linachoma ngozi. Majani ya muarobaini kwenye viota hayana ubaya, ila kama kuku tayari amejaa chawa usitegemee majani peke yake. Kibiriti upele ndo watu wanakidharau, kumbe ndo chenye nguvu kuliko hivyo vingine. Kile cha njano cha sokoni, ambacho ni salfa tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walitoa matokeo ya kuwawekea kuku masanduku ya kuogea vumbi yenye vitu mbalimbali, salfa ikafyeka chawa na utitiri wa ile aina inayoishi juu ya kuku mwenyewe, karibu wote hadi kwa kuku ambao hawakuoga humo wenyewe. Saga, changanya na mchanga mkavu, weka. Inawasha macho kwahiyo usiimwage upepo ukivuma.

Mafuta ya taa usimpake kuku, yanambabua ngozi. Sindano ya ivermektini, ile dawa ya minyoo na wadudu wa mwilini, watu wanaisifia sana lakini chawa wa kuku wengi ni watafunaji wa manyoya na magamba ya ngozi, dawa iliyo kwenye damu haiwafikii vizuri, na mayai ya kuku unayokula yanabaki na mabaki yake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe najua mnaitumia, ni rahisi na ipo, shida ni vipimo. Ya lita mia za maji mtu anakadiria kwa kizibo, kuku wanakufa. Kama lebo haina kipimo cha kuku achana nayo. Na dawa yoyote ya kuchovya au kupuliza kwenye mwili fanya asubuhi yenye jua ili wakauke kabla ya jioni, kuku aliyelala amelowa kwenye baridi atakusumbua kwa mafua.

Wakishapona waachie mahali pa kuogea vumbi. Tairi la gari lililokatwa au karai bovu, mchanga mkavu na jivu, paa juu yake la kipande cha bati, maana masika wiki nzima hakuna vumbi popote na ndo kipindi chawa wanaongezeka bila mtu kujua. Kuku mgeni wa mnadani au aliyekuja na basi ndani ya tenga kutoka kijijini, mtenge wiki mbili tatu na umpake kabla ya kumchanganya. Na ukiona kuku mmoja anajaa chawa kila mara wakati wenzake wako safi, mwangalie vizuri, mara nyingi ana minyoo, anaumwa kitu kingine au mdomo ulikatwa hawezi kujichambua manyoya, chawa wanapenda kuku asiyejisafisha.

Mayai na nyama soma lebo usubiri siku ngapi, kama haijaandika muulize afisa mifugo wa kata. Na wewe mwenyewe ukimaliza kupaka vua nguo uloweke, koga. Utahisi wanatembea mwilini hasa kwenye mikono, ila usiogope, chawa wa kuku hawezi kuishi kwa binadamu.