Kabla ya kushuka Matema: mambo ya kuzingatia kuhusu kuzama maji

Sikukuu zikikaribia, Noah na Hiace zinateremka kutoka Mbeya mjini na Tukuyu hadi Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, zimejaa watoto, spika na sufuria za pilau. Kabla ya kupakia hivyo vyote, hakikisha ndani ya gari kuna walau watu wawili wanaojua kumpulizia pumzi mtu aliyezama. Wawili, kwa sababu mmoja huchoka haraka.

Aliyezama huuawa na kukosa hewa, na ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili "atoe maji" ni kupoteza muda, tena matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Kubalianeni hilo mkiwa bado nyumbani, maana siku ya tukio kila mzee ufukweni atakuwa na amri yake. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5 mpaka uone kifua kinainuka. Bado hapumui? Bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, halafu rudia bila kukoma. Mapovu yatamtoka mdomoni, na ukiyafuta yatarudi. Yaache, endelea kupuliza.

Bebeni dumu tupu la lita 20 lenye kizibo kinachobana, lifungwe kamba ndefu. Mtupieni anayezama alishike. Asiyejua kuogelea asijirushe kumfuata, hata kama ni mwanawe. Mwenye kifafa asioge peke yake, na mlevi asiingie majini kabisa.

Usafiri upangwe mapema: nani hatakunywa, na gari lina mafuta? Matema ina hospitali ya Walutheri. Aliyezidiwa huweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na njia hiyo inapanda Tukuyu kwenye baridi. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike blanketi. Vitenge viwili havitoshi.

Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni yule aliyekohoa, akainuka, akaomba soda. Maji yaliyoingia mapafuni huosha utando unaovifanya vifuko vya hewa vibaki wazi, kisha mapafu huanza kujaa majimaji. Mtoto anaweza kuonekana mzima saa 2 nzima, halafu akaanza kuhema mbiombio, kukohoa au kusinzia kusikokuwa kwa kawaida. Aliyekohoa baada ya kuopolewa apelekwe hospitali apimwe oksijeni, na huenda akabakizwa kwa uangalizi wa saa 6 hadi 8. Akihitaji tiba, oksijeni ndiyo ya kwanza. Akizidiwa sana, mashine ya kumsaidia kupumua. Dawa za kuua bakteria hazitolewi kwa sababu tu amekunywa maji ya ziwa, hivyo msimbane daktari awaandikie.