Ribiti ya kubeba tani: ninavyoipima kabla ya kuwasha moto

Chuma kigumu ndicho kilichonitia aibu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua karakana yangu hapa Katuba, Lubumbashi, mama mmoja mwenye lori la safari za Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akaniletea remoki yake, yaani trela. Bamba linaloshika boriti ya kati lilikuwa limelegea, ribiti za kiwandani zimelika, yaani ile misumari minene yenye kichwa upande mmoja, inayopitishwa tunduni na kupondwa kichwa cha pili ili ibane mabamba. Nikakata ribiti mpya kutoka kwenye nondo, nikijiambia kuwa kinachoshika ghorofa hakiwezi kushindwa na remoki. Zikapigwa, zikakaa, nikalipwa. Wiki ya tatu mama akarudi, akafungua kitambaa juu ya meza yangu: vichwa vinne, vimeng'oka kama vifuniko vya chupa.

"Papa fundi," akasema, "misumari yako imenitoroka."

Nikaviokota kimoja kimoja. Penye shingo, pale kichwa kinapokutana na shina, chuma kilimetameta chembechembe kama sukari. Hakikuvutika hata kidogo kabla ya kukatika. Nondo ilikuwa ngumu kupita kazi yake. Mbavu zake pia zilikuwa zimezuia shina kujaa ndani ya tundu, kwa hiyo remoki ilikuwa ikicheza huku na huku kila penye shimo la barabara, mpaka shingo zikachoka.

Kazi ile niliirudia bure. Hapa naieleza jinsi nilivyoirudia, kwa hesabu zilezile. Naandika ribiti kwa sababu ndivyo kamusi zinavyosema. Sisi karakanani tunasema rivé, kwa Kifaransa walichotuachia mafundi wa reli.

Anza na mzigo, usianze na ribiti. Pale bamba linapokutana na lonjeroni, yaani boriti ndefu ya shasi, palikuwa panabeba kama tani 4 remoki ikiwa imesimama na shehena yake. Lakini remoki haiishi imesimama. Ikidumbukia shimoni, mzigo unaruka na kurudi. Mimi nazidisha mara mbili, nikawa na tani 8, yaani kilo 8,000. Ukiona nimezidisha kupita kiasi, panda lori msimu wa mvua, kisha tuzungumze.

Pili, unene wa mabamba. Bamba langu lilikuwa la milimita 8, lonjeroni ya 10. Kuna kanuni ya zamani ya kupata kipenyo cha ribiti: chukua kipeuo cha pili cha unene wa bamba jembamba, kwa milimita, uzidishe kwa 6. Inafaa kwa mabamba ya kuanzia milimita 8. Kipeuo cha pili cha 8 ni 2.83, mara 6 ni 17. Hakuna mtu anayeuza fito za 17 hapa, kwa hiyo nikachukua 16. Kanuni hiyo inakuonyesha mlango tu. Kukuambia kama utafika salama, hiyo ni kazi ya hesabu inayofuata.

Maungo ya ribiti yana njia kadhaa za kufa, na fundi wengi huiangalia moja tu, ya kukatwa. Mabamba mawili yakivutwa huku na huku, yanakuwa kama makali ya mkasi na ribiti iko katikati. Kwa chuma laini cha kawaida mimi naruhusu kilo 8 kwa kila milimita ya mraba. Chenyewe hakikatiki mpaka kifike karibu mara nne ya hapo, lakini hiyo nafasi si ya kuchezea. Ribiti ya 16 ina eneo la milimita za mraba 201. Mara 8, ni kilo 1,608. Gawanya 8,000 kwa 1,608: unapata tano kasoro kidogo. Nikaweka sita, safu mbili za tatu tatu, kwa sababu tano hazipangiki vizuri na bamba huvuta upande.

Njia ya pili ni ribiti kuponda ukuta wa tundu. Tundu huwa yai, kisha ribiti inaanza kupiga ngoma. Hapo eneo ni kipenyo mara unene wa bamba jembamba: 16 mara 8, yaani 128. Kwa kuponda naruhusu kilo 16, nikapata kilo 2,048 kwa kila ribiti. Inazidi 1,608, basi ribiti itachoka kabla ya bamba, na ndivyo ninavyotaka. Ribiti naibadilisha asubuhi moja. Lonjeroni iliyochanika ni msiba wa familia nzima.

Njia ya tatu ndiyo iliyonikamata nilipopiga hesabu mara ya kwanza. Ukitoboa matundu kwa mstari, umechora mahali pa kuchania, kama karatasi ya kalenda. Nilikuwa nimepanga matundu yaachane milimita 50, katikati hadi katikati. Tundu lenyewe ni 17. Inabaki nyama ya milimita 33 kati ya tundu na tundu, mara unene wa 8 ni 264. Kwa kuvutwa naruhusu kilo 10 kwa milimita ya mraba, ikatoka kilo 2,640. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu huteleza: safu ya kwanza ya matundu inapokea mvuto wote, wa safu zote mbili. Matundu matatu yanagawana kilo 8,000, kila nafasi 2,667. Nilipungukiwa kilo 27. Kidogo sana, utasema. Lakini ile hesabu ya kuruhusu ndiyo akiba yangu, na akiba hailiwi siku ya kwanza. Nikayatenga matundu kwa milimita 60. Nyama ikawa 43, nguvu ikawa kilo 3,440, nikalala usingizi.

Kwa kukumbuka haraka: matundu yasikaribiane chini ya mara tatu ya kipenyo cha ribiti, na kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bamba kusipungue mara moja na nusu. Ukisogea ukingoni zaidi ya hapo, ribiti inatokea kwa nje ikiwa na kipande cha bamba mdomoni. Mimi niliacha milimita 30. Bamba langu likatoka na upana wa 180: mapengo mawili ya 60, na 30 kila upande.

Na kama bado nguvu haitoshi? Kijana wangu wa karakana kila mara hujibu, "Tutafute chuma kigumu zaidi." Hapana, mwanangu, hicho ni cha mwisho kabisa. Kwanza ongeza idadi. Au ongeza kipenyo: kutoka 16 kwenda 20, eneo linapanda kutoka 201 hadi 314, zaidi ya nusu nzima. Lakini rudia hesabu ya bamba, maana tundu kubwa linakula nyama. Au weka bamba upande huu na upande ule, ili ribiti ikatwe sehemu mbili badala ya moja. Nguvu yake ya mkasi inakaribia kuwa maradufu bila kubadilisha fito. Mabamba yakiwa mengi, angalia unene wote usizidi mara tano ya kipenyo cha ribiti, la sivyo shina linapinda ndani na hutaliona.

Chuma cha ribiti lazima kikubali kuumbwa. Hata kwenye ndege, kuna ribiti za aluminiamu ngumu ambazo hupashwa moto, zikazimwa, kisha zikawekwa kwenye friza, ili zisikakamae kabla ya fundi kuzipiga. Wenye ndege nao wanatafuta ulaini kwanza. Sisi tusio na friza tunapima hivi: kata kipande cha fito, kikunje kikiwa baridi mpaka ncha zikutane. Upande wa nje ukipasuka, rudisha dukani. Kisha pasha kipande kingine, ponda kichwa chake mpaka kipenyo kifike mara mbili na nusu ya shina. Kingo zikichanika kama ua, si chuma cha ribiti. Mashine ya kusaga nayo inasema: cheche ndefu zilizonyooka, zenye vichipukizi vichache, ni chuma laini, zikilipuka nyota nyota, kina kaboni nyingi, kiache. Na fito iliyopakwa zinki usiitie motoni hata kama umepewa bure, moshi wake unaumiza.

Sasa urefu. Kanuni ni unene wa mabamba pamoja na mara moja na nusu ya kipenyo, kwa kichwa cha duara. Kwangu: 18 na 24, jumla milimita 42 chini ya kichwa cha kwanza. Usiikariri tu, ielewe. Nilitaka kichwa chenye upana wa 28 na kimo cha 11. Ukipima ujazo wake, kinameza kama milimita 20 za shina. Tundu la 17 lazima lijazwe na shina la 16, na hiyo inakula milimita 2 nyingine na zaidi kidogo. Zinazobaki zinaondoka na magamba ya moto. Ukikata fupi, kichwa kinakuwa kofia ndogo isiyofika kingo. Ukikata ndefu, chuma kinafurika chini ya kikombe cha kupigia na kuacha ukosi unaochimba bamba. Piga moja ya majaribio kwenye vipande vya taka vyenye unene uleule, ikate katikati kwa msumeno, uangalie ndani. Mstari mweusi kati ya shina na ukuta wa tundu ni nafasi tupu.

Shingoni, chini ya kichwa, acha kijipinde cha kama milimita 1, usiache kona kali. Vile vichwa vinne vya mama vilianzia kukatika kwenye kona. Na ukingo wa tundu uparuze kidogo ili kijipinde kipate pa kukaa.

Matundu ya kazi hii toboa kwa keekee, usipige kwa tindo. Tindo linaacha nyufa ndogo pembeni. Funga mabamba kwa bolti kwanza, uyatoboe yote mawili kwa pamoja, kisha yatenganishe uondoe manyoya ya chuma katikati, maana yakibaki mabamba hayabusiani. Yafunge tena na bolti, uziondoe moja moja kadiri ribiti zinavyoingia, ukianzia katikati kwenda nje.

Ribiti ya hadi milimita 10 hivi naipiga baridi. Ya 16 inataka moto. Makaa ya mti, feni ndogo ya kuvuvia, na subira. Umeme ukikatika kijana anarudi kwenye mvukuto, na ukweli ni kwamba ribiti zake za mvukuto hazijawahi kuungua. Ngoja rangi ya chungwa inayong'aa ikielekea njano, karibu nyuzi 1,000. Ikianza kutoa cheche umeiunguza, itupe. Itoe kwa koleo, igonge fuaweni magamba yaanguke, iingize. Mwenzako akandamize nyuma kwa chuma kizito chenye kikombe. Wewe piga mapigo machache mazito ya kunyooka kwanza, ili shina livimbe na kujaza tundu, ndipo uweke buterole, kile chuma chenye kikombe cha kuumbia kichwa. Wanaoanza hukimbilia kichwa kwa sababu ndicho kinachoonekana. Ikifika wekundu uliofifia, acha. Kuipiga ikiwa imeshuka kwenye ubuluu ni kuipasua.

Ikipoa inajikunja. Kwa milimita 18 za unene, kutoka joto lile, chuma kinataka kufupika karibu milimita 0.2, na mabamba yanakataa. Ubishi huo ndio unaobana maungo, msuguano ukabeba sehemu ya mzigo kabla shina halijaguswa. Baba yangu, mtu wa reli, alinionyesha hilo kwenye behewa kuukuu: aliingiza wembe kati ya mabamba, haukupita. Reli ilifika mji huu mwaka 1910, ikitokea kusini, kupitia daraja la maporomoko ya Victoria lililofunguliwa mwaka 1905. Daraja hilo nalo limeshikwa kwa ribiti, na treni bado zinapita.

Jambo moja la huku kwetu: malori yanayobeba asidi ya migodini. Tone likiingia kati ya mabamba halitoki. Kabla ya kufunga paka rangi ya kuzuia kutu nyuso zinazokutana, lakini acha wazi milimita chache kuzunguka tundu, moto utaichoma tu. Na usitie ribiti ya chuma kwenye bamba la shaba, hata kama shaba ndiyo tele mjini. Pakilowa, chuma ndicho kitakacholiwa.

Zikipoa kabisa, weka kidole upande mmoja wa kichwa, gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Iliyobana inalia kengele na kidole hakisikii kitu. Iliyolegea inalia debe, na kidole kinahisi mtikisiko. Hiyo ikate kichwa, itoe, piga nyingine. Usijaribu kuipiga tena ikiwa baridi, utailegeza na jirani yake.

Mwite mteja baada ya wiki mbili. Yule mama alikuja siku ya tisa, hakungoja kuitwa. Nilijipenyeza chini ya remoki na tochi, nikatafuta mstari wa kutu unaochuruzika chini ya kichwa, maana ribiti inayocheza hujisaga na kulia unga mwekundu. Palikuwa na vumbi jekundu kila mahali, la barabara. Nikapangusa kwa kidole sehemu sita, moja baada ya nyingine, yeye amechuchumaa pembeni akihesabu kwa sauti.

"Sita," akasema. "Zote zipo."