Kupanda Uchagani Krismasi na Mtoto wa Mwaka Mmoja hadi Mitatu

Mzazi anayetoka Dar es Salaam kwenda kula Krismasi Uchagani, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, akiwa na mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu hujikuta katikati ya pande mbili: upande mmoja yupo mtoto ambaye siku yake inaendeshwa na saa za kula na kulala, na upande wa pili upo ukoo uliomsubiri mtoto huyo mwaka mzima, unaotaka kumshika, kumlisha na kumpitisha nyumba kwa nyumba. Pande hizo zinapatana vizuri iwapo mzazi ataamua mapema ni yapi atayasimamia mwenyewe na ni yapi atawaachia ndugu. Kwa maoni yangu ya kusimamiwa ni matatu tu: usingizi wa mtoto, kinachoingia kinywani mwake, na mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndiye anayemwangalia kwa wakati huo. Mengine yote, kuanzia nguo atakayovaa kanisani hadi jina la utani atakalopewa na babu, waachiwe wenyeji kwa moyo mkunjufu, kwa sababu safari yenyewe inafanywa ili mtoto awajue watu wake na wao wamjue.

Safari na mizigo

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, na kwa basi mtoto anakaa njiani siku nzima hata pale barabara inapokuwa nyeupe, jambo ambalo si la kutegemea wiki ya Krismasi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wazazi wengi huona ni bora mtoto alale njia nzima. Mimi nashauri basi la alfajiri. Mtoto anayefika Moshi usiku wa manane bado ana safari ya pili ya kupanda mlimani, kwa gari dogo, kwenye baridi, na mtu wa kumpokea awe macho. Anayefika alasiri anaingia kwa bibi kukiwa bado na mwanga, anaiona nyumba na watu wake, anakula na kulala kama kawaida.

Tiketi ya kwenda na ya kurudi zikatwe pamoja, wiki kadhaa kabla, na kama uwezo upo mtoto anunuliwe kiti chake, kwa kuwa kumpakata mtoto mwenye kilo 12 kutwa nzima kunamchosha mzazi hadi anafika hana uvumilivu wa kusalimia mtu. Hata mtoto aliyekwisha kuacha nepi avalishwe siku hiyo, maana hawezi kubana mkojo mpaka dereva asimame abiria wachimbe dawa. Anayekwenda na gari lake amfunge mtoto kwenye kiti cha watoto nyuma, asimpakate mbele, na apange kusimama kila baada ya saa mbili hivi.

Katika mizigo, kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pakiti za ORS (chumvichumvi ya kuchanganya na maji mtoto anapoharisha), paracetamol ya maji, kipimajoto na chandarua kidogo. Sweta, soksi na kofia ni vitu ambavyo mtu wa Dar es Salaam huvidharau kwa sababu anaondoka akitokwa jasho, lakini mji wa Moshi wenyewe uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari ilhali vijiji vingi vya Machame, Kibosho, Marangu na Rombo vinapanda hadi mita 1,500 na zaidi, na usiku wa huko, hasa vuli ikiwa bado haijaisha, ni wa blanketi. Beba pia shuka ambalo mtoto amezoea kulalia, hata kama kwa bibi kuna mashuka mapya, kwa kuwa harufu aliyoizoea humsaidia kulala mahali pageni.

Kumfikisha mtoto kwa ndugu

Majuma mawili matatu kabla ya safari, mpigie bibi simu ya video mara kwa mara, kwa muda mfupi, ili mtoto azoee uso na sauti. Mkifika, watu wazima wote watataka kumchukua kwa mpigo, naye atang'ang'ania shingo ya mama yake na kulia. Hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa umri huo, na halina maana kwamba mtoto ana deko au kwamba amefundishwa kuwakataa watu. Usimkabidhi kwa nguvu. Kaa naye kwenye mkeka au kochi karibu na bibi, zungumza na bibi kwa utulivu, mwache mtoto atazame, kisha mpe kitu cha kumpelekea bibi, kwa mfano ndizi mbivu au kitambaa ulichomletea. Mtoto akishampa mtu kitu na kushukuriwa, mara nyingi ndiye anayerudi mwenyewe. Shikamoo nayo isilazimishwe mbele ya watu. Mzazi aamkie kwa niaba yake, "Bibi, mjukuu wako anakuamkia, shikamoo," na baada ya siku mbili tatu za kuwasikia binamu zake wakiamkia, ataanza kuiga.

Hapa pana jambo nyeti la ukweni. Mama kijana aliyeolewa katika familia hawezi kumkatalia mama mkwe kitu mbele ya wageni bila kuonekana mkorofi, hata kama ana haki. Kwa hiyo kanuni ninayoitetea ni kwamba kila jambo linalohitaji kukataliwa lisemwe na yule ambaye hapo ndipo kwao. Mwana ndiye amwambie mama yake kwamba mtoto hatapewa soda. Binti ndiye awaambie kaka zake kwamba mtoto atalala mapema. Wenzi walikubaliane hilo kabla ya kuondoka nyumbani, na walikubaliane na maneno yenyewe. Ombi likitanguliwa na ahadi hupokewa vizuri: "Mama, naomba alale kwanza, akiamka nitakuletea mwenyewe ukae naye." Na ahadi hiyo itimizwe, kwani bibi akiona kweli analetewa mjukuu baada ya usingizi, hatakuwa na sababu ya kuwahi kumwamsha.

Nani anamwangalia sasa hivi?

Hili ndilo ninalolihofia kuliko yote, na nawasihi wazazi wasilichukulie kijuujuu. Nyumba ya Krismasi inaweza kuwa na watu wazima 20 na mtoto asiwe na hata mmoja, kwa sababu kila mmoja anaamini yuko na mwingine: mama yuko jikoni anamenya ndizi, baba yuko na wanaume wanaochinja mbuzi, shangazi anadhani mtoto yuko kwa bibi, na bibi anadhani amechukuliwa na binamu zake. Hali huwa ngumu zaidi kwa familia zilizozoea kusaidiwa na dada wa kazi, kwa kuwa naye Krismasi huwa amekwenda kwao.

Dawa yake ni kukabidhiana kwa maneno. Anayetaka kuondoka amtazame mtu mzima mmoja usoni na kumwambia, "Shangazi, nakukabidhi mtoto, naenda kuoga," na asiondoke mpaka aitikiwe, "Haya, ninaye." Anayepokea naye akitaka kuinuka afanye vivyo hivyo. Mwanzoni ndugu wataona kama ni urasmi mwingi, lakini siku ya pili utawasikia wakifanya wenyewe. Binamu wa miaka minane au kumi wanampenda mtoto na wanajua kumchezesha, ila wasihesabiwe kuwa walezi. Wakicheza naye, mtu mzima aliyekabidhiwa abaki pale pale.

Siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua mizigo yote, tembea na mwenyeji kuzunguka nyumba na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ukiangalia kwa kimo cha mtoto. Mifereji ya kumwagilia inayopita vihambani inaonekana ya kina kifupi, lakini mtoto wa umri huu anaweza kuzama katika maji ya kina kidogo sana, na ndoo au beseni la maji uani ni hatari ileile. Jiko la kuni lina mafiga ya moto na masufuria ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, chini kabisa, usawa wa mikono yake. Omba mlango wa jiko uwekewe kizuizi, hata kama ni benchi iliyolazwa. Uliza yanapowekwa mafuta ya taa na dawa za kunyunyizia kahawa, na kama zimo kwenye chupa za soda au maji, ziondolewe na kuwekwa juu palipofungwa, kwa maana mtoto akiona chupa ya soda anajua ni ya kunywa. Panga na visu vya siku ya kuchinja visiachwe kwenye majani. Mwisho, magari: katika wiki hiyo ua uliokuwa na gari moja una matano, na dereva anayerudi nyuma haoni kitu kilicho chini ya kioo, kwa hiyo gari lolote lisiwashwe mpaka mtoto awe mikononi mwa mtu na dereva ameonyeshwa.

Chakula

Vyakula vya Uchagani vinamfaa mtoto kuliko vingi anavyokula mjini. Mtori uliopondwa vizuri ni chakula kamili kwa mtoto wa mwaka mmoja, mradi upitishwe kijiko kutafuta vipande vya mifupa na utolewe wa kwake kabla ya chumvi na pilipili kuongezwa. Machalari yenye ndizi laini na nyama iliyochambuliwa nyuzi nyembamba yanamtosha mchana. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yachemshwe kwanza. Karanga, bisi, pipi ngumu na nyama choma ya vipande vinene vinaweza kumpalia mtoto, na mezani kwa watu wanaocheka na kuzungumza anayepaliwa hasikiki, kwa hiyo asivipate kabisa. Anayenyonya aendelee kunyonya. Umri wa miaka miwili si mwisho wa lazima.

Kuna desturi ya mzee kumlambisha mtoto mbege kidogo, pombe ya kienyeji ya ndizi, kama ishara ya kumkaribisha. Heshimu nia yake, kataa pombe. Baba wa mtoto anaweza kuipokea kata kwa mikono miwili, akanywa yeye kwa niaba ya mwanawe na kumshukuru mzee, na sijaona mzee aliyeuona huo kuwa utovu wa adabu.

Usingizi na ibada

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Wa miaka mitatu, saa 10 hadi 13. Ukishindwa kulinda yote, linda usingizi wa mchana, maana akiukosa jioni yake na ya nyumba nzima huharibika. Tafuta chumba cha nyuma, hata nyumba ya jirani, na mfunge mgongoni kwa kanga ukitembea kihambani hadi asinzie. Chumba chenye baridi kitatuliwe kwa nguo na blanketi, kamwe si kwa jiko la mkaa, kwa kuwa mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Mkesha wa tarehe 24 mimi simpeleki mtoto wa umri huu. Ibada ya asubuhi ya Krismasi inatosha, na baada yake mara nyingi kuna mnada wa sadaka, wa mikungu ya ndizi na kuku, unaoweza kuendelea hadi mchana. Kaeni viti vya nyuma karibu na mlango, beba chakula, na kubalianeni mapema nani atatoka naye akichoka. Mnada wenyewe humfurahisha mtoto kwa sababu ya kuku.

Akiugua

Akiharisha, changanya pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi na mpe kila anapoharisha, mililita 50 hadi 100 kwa aliye chini ya miaka miwili na 100 hadi 200 kwa aliyezidi, kidogo kidogo, huku akiendelea kula. Kituo cha afya kitampa pia zinki ya siku 10 hadi 14. Homa ya mtoto aliyetoka Dar es Salaam ipimwe malaria hata kama kijiji kina baridi na mbu wachache, kwani anaweza kuwa ameondoka nayo mjini. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea na kutoamka vizuri, asisubiri kukuche. Uliza tangu siku ya kwanza ni hospitali ipi iliyo karibu, iwe Machame, Kibosho, Marangu, Huruma kule Rombo au KCMC mjini Moshi, na ni nani mwenye gari atakayeamshwa usiku.

Kurudi kupangwe siku kadhaa kabla ya shule kufunguliwa Januari, ili mtoto apate muda wa kurudia saa zake za kulala. Kama tarehe ya chanjo ya surua na rubella ya miezi 18 imeangukia ndani ya likizo, haina haja ya kusubiri hadi mrudi mjini: mpeleke zahanati ya kijijini na kadi ileile, kwani chanjo hiyo hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali kote nchini.